Lebo za PDF zinavurugika ninapohifadhi slaidi za PowerPoint

mwalimu_takwimu anauliza:

Ndugu zangu, nafundisha takwimu chuoni, na darasani kwangu wamo wanafunzi wasioona wanaotumia NVDA, programu inayowasomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Slaidi zangu za Kiswahili huziandaa katika PowerPoint, kisha huzigeuza kuwa PDF ili wazisome kabla ya kipindi. Wananiambia kwamba kichwa cha slaidi mara nyingi husomwa mwisho, baada ya maelezo ya grafu. Kwamba jedwali husikika kama mfululizo wa nambari zisizo na vichwa vya safu. Na kwamba Kiswahili hutamkwa kana kwamba ni Kiingereza. Nimekuwa nikipanga upya lebo, yaani alama zilizofichika zinazoiambia NVDA kipi ni kichwa, aya au jedwali, ndani ya Acrobat Pro, programu ya kuhariri PDF, lakini nikibadilisha slaidi moja na kuhifadhi tena, marekebisho yote hupotea. Nianzie wapi?

fundi_nyaraka:

Mwalimu, iache PDF kwanza uirudie slaidi yenyewe, kwa sababu lebo hutokana na jinsi slaidi ilivyojengwa, na kila ukihifadhi upya hutengenezwa upya.

Hakikisha unatumia amri ya kuhifadhi kama PDF, si kuchapa kwa printa ya PDF, kwani printa huchukua sura ya ukurasa tu na kuziacha lebo. Katika chaguo za kuhifadhi, kisanduku cha lebo za muundo kwa ajili ya ufikivu kiwe kimetiwa alama.

Kuhusu mpangilio, PowerPoint huanza na kitu kilicho tabaka la chini na kumalizia na kilicho juu, hivyo orodha ya vitu katika kidirisha cha uteuzi husomwa kutoka chini kwenda juu, jambo linalowachanganya hata wazoefu. Kichwa kiwe chini kabisa ya orodha hiyo. Kagua pia kama kichwa chenyewe kimeandikwa katika nafasi ya kichwa iliyomo kwenye muundo wa slaidi, maana kisanduku cha maandishi ulichokichora mwenyewe hutoka kama aya ya kawaida hata herufi zake ziwe kubwa kiasi gani.

msikilizaji:

Mimi ni asiyeona na natumia NVDA kila siku, kwa hiyo nitajibu la lugha. NVDA huja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo ina sauti ya Kiswahili, lakini haiwezi kubadili sauti yenyewe ikiwa hati inajitambulisha kuwa ya Kiingereza. Chagua maandishi yote, uyawekee Kiswahili kuwa lugha ya kusahihishia tahajia, kisha uangalie lugha katika sifa za PDF ndani ya Acrobat. Isipokuwemo kwenye orodha, andika msimbo wa sw. Wanafunzi nao wawashe ubadilishaji wa lugha wa kiotomatiki.

Ombi moja kuhusu grafu: matini mbadala, yaani maelezo ya picha ninayosomewa, isianze na “picha ya grafu”, kwa kuwa NVDA imekwisha kunitangazia kwamba ni picha. Niambie mstari unapanda au unashuka, na kati ya miaka gani.

mwalimu_takwimu:

Ahsanteni sana. Vichwa na lugha vimekaa sawa. Jedwali bado linasumbua. Nimeunganisha seli za juu ili kundi moja la safu liwe na jina moja.

fundi_nyaraka:

Basi tatizo ni hizo seli. Zitenganishe, kila safu wima ipewe jina lake kamili, kisha uwashe mstari wa vichwa katika mipangilio ya jedwali. Likiwa kubwa mno, ligawe katika slaidi mbili, jambo ambalo hata wanaoona watalifurahia.

Acrobat iwe ya mwisho, slaidi zikishakamilika. Baada ya hapo pitisha faili kwenye PAC, programu ya bure ya Windows inayokagua kwa kigezo cha PDF/UA, kiwango cha kimataifa cha PDF zinazofikika kwa watu wenye ulemavu, yaani ISO 14289-1. PAC itakuonyesha lebo zinazokosekana, ila haiwezi kujua kama mpangilio wa kusoma una mantiki. Hilo mwombe mwanafunzi mmoja alisikilize kabla hujawatumia wengine.