Mnaoandika hadithi: unapanga mkasa wote kwanza au unaanza tu? Tupeane uzoefu

Kalamu Kavu: Wakuu, habari za usiku. Leo nimesoma mfululizo mmoja kwenye simu, mhusika aliyezikwa sehemu ya 9 kaibuka sehemu ya 31 anakunywa soda, wala mwandishi hajashtuka. Mimi siandiki hata sentensi moja kabla kaunta buku halijaniambia nani atakufa, nani atamzika na nyumba atabaki nayo nani. Wenzangu mnafanyaje?

Binti Pangani: Hahaha, wa soda namjua. Mimi napangia kichwani nikiwa nasonga ugali, basi.

Mtoto wa Majengo: Kupanga kunaua hadithi. Ukishajua mwisho unaandika nini tena? Wahusika wenyewe watakuambia wanakokwenda.

Kalamu Kavu: Wako wamekuambia nini mpaka sasa? Maana ile ya abiria wa treni tunaisubiri tangu enzi za korona. Halafu ya upelelezi utaiendaje kienyeji? Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla angekivuta kile kiko kwa utulivu ule kama mtunzi naye hamjui muuaji?

Mtoto wa Majengo: Tusifike huko mkuu.

Sura ya Tatu: Hapo kwenye upelelezi mmenikumbusha balaa. Nilikuwa nakaa chumba cha kupanga Morogoro. Kila tukio naliandika kwenye kikaratasi chake, nabandika ukutani kwa selotepu, nikitaka kulihamisha nabandua tu, sichafui daftari. Marehemu wa hadithi ni mama mwenye nyumba. Kwa hiyo ukutani pana: "MAMA MWENYE NYUMBA anakufa Ijumaa alfajiri." Chini yake: "Sumu ya panya. Chai nani kaionja kwanza?" Kwa kalamu nyekundu: "Ufunguo wa akiba unapatikanaje?" Na cha mwisho: "MPANGAJI anahama kabla ya mazishi."

Sasa mvua ikanyesha, paa likavuja. Mama mwenye nyumba wa kweli akaingia na fundi kuangalia dari, mimi niko kazini. Na kodi nadaiwa. Narudi jioni nakuta uani kuna mjumbe, wanawe wawili waliokuja na bodaboda kutoka Kihonda, na fundi kashika vile vikaratasi kwa ncha za vidole. Mama kakaa mkekani, kikombe cha chai mbele yake hajakigusa. Mjumbe akaniuliza taratibu, "Kijana, Ijumaa ni hii inayokuja?"

Ikabidi nitoe daftari niwasomee sura mbili palepale. Wanawe walicheka, fundi akacheka. Mama hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nitafute chumba kwingine, kisha akauliza nyumba anarithi nani.

Binti Pangani: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Kweli, anarithi nani?

Msomaji Tu: Hii ni chai. Mjumbe gani ana muda wa kusikiliza sura mbili?

Binti Pangani: Chai kweli, na ina sumu ya panya.

Mwana Kisauni: Chekeni, lakini mimi tabu naiona kwenye miaka. Kuna mswada nilipewa niupitie hapa Mombasa. Msichana wa miaka 14 anatumiwa pesa kwa M-Pesa mwaka 2004, ilhali huduma yenyewe ilianza 2007. Mwandishi akasema si neno, atasogeza mwaka. Haya, sogeza. Mamake alikufa kwa majeraha ya bomu la ubalozi wa Marekani pale Nairobi, Agosti 1998. Zamani msichana alikuwa na miaka 8 wakati huo, sasa amekuwa na 5, na sura ya pili yote imesimama juu ya barua ya kurasa mbili aliyomwandikia mamake hospitalini. Kabla ya lolote chora jedwali: huku mwaka, huku umri wa kila mtu. Mambo ya kilele na taharuki yatafuata.

Kalamu Kavu: Asante sana kaka.

Mtoto wa Majengo: Si angempa dada mkubwa aandike hiyo barua?

Mwana Kisauni: Dada mkubwa hayumo kwenye hadithi.

Mtoto wa Majengo: Ndiyo anaingia sasa! Raha ya kutopanga hiyo.

Mzee wa Safu: Vijana mna nafasi. Sisi wa mfululizo wa gazetini, mhariri anataka sehemu yake leo, na leohii tangazo la mnada limekula nusu ya ukurasa, unakata. Mpango wangu ulikuwa mmoja: kila sehemu iishe mlango unagongwa. Anayegonga nani, nitamjua wiki ijayo.

Kalamu Kavu: Shikamoo mzee. Ndiyo maana nyumba za hadithi zenu zilikuwa na wageni wengi.

Mzee wa Safu: Marahaba. Na zilisomwa.

Mtoto wa Majengo: Mzee kamaliza. Upelelezi nawaachia, ila ya mapenzi unapanga nini?

Binti Pangani: Panga wa kuachwa tu.

Msomaji Tu: Wa Morogoro ajibu basi. Nyumba kairithi nani?

Sura ya Tatu: Iko sehemu ya 12. Buku mbili, njoo inbox.

Msomaji Tu: Si nilisema chai.