Mjadala: Kijana wa miaka 17 kufanya kazi miezi mitatu kwa nauli na chakula, anafundishwa au ananyonywa?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 17, alimaliza kidato cha nne Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na watakaochaguliwa kidato cha tano wanaripoti Julai. Hapo katikati kuna zaidi ya nusu mwaka ya kukaa nyumbani. Akaona badala ya kushinda na simu atafute kazi. Kila duka aliloingia, swali lilikuwa lile lile: "Umeshafanya kazi wapi?" Mtoto katoka shule juzi, atakuwa amefanya kazi wapi?

Mwishowe akapata steshenari moja hapa Dar. Masharti: kwa kuwa hana uzoefu, ataangaliwa kwanza miezi mitatu, anapewa nauli na chakula cha mchana. Mshahara watazungumza baadaye.

Sasa sikilizeni anachofanya. Anafungua duka saa 1 asubuhi, anafunga saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Desemba, majina ya waliopangiwa kidato cha kwanza yalipotoka, wazazi walijaa pale mpaka barabarani wakitaka kuprintiwa fomu za kujiunga. Yeye ndiye aliyekuwa anazitafuta mtandaoni, anaprinti, anapiga picha za pasipoti, anafanya laminesheni, anapokea hela, anarudisha chenji. Karatasi ikikwama kwenye mashine ya fotokopi anafungua ubavuni na kuitoa mwenyewe. Mwenye duka anapita jioni kuchukua hesabu. Siku moja ikapungua shilingi 2,000, akakatwa kwenye nauli, akarudi nyumbani kwa miguu.

Mimi nina kipimo kimoja tu. Kesho huyu mtoto asipoenda, duka litafunguliwa? Kama halifunguliwi, basi hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Habari ya "unapata uzoefu" ni lugha ya kumpunja mtu asiyejua kudai. Mnasemaje?

Fundi wa Gerezani

Mleta mada, nakusikia ila usituweke wote kapu moja. Mimi nina gereji, vijana wamepita mikononi mwangu wengi na sijawahi kumlipa mtu mshahara mwezi wa kwanza. Sababu ninayo.

Anayekuja mpya hajui spana namba 13 wala 14. Anashika nati anaijaribishia spana zote za kwenye boksi. Anayejua anaangalia kwa jicho, anachukua moja, inakaa. Hiyo peke yake inachukua wiki kadhaa. Halafu kuna hasara. Mwaka jana dogo mmoja nilimpa kazi ya kumwaga oili, kazi rahisi kuliko zote. Wakati wa kurudisha boliti ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akaianza kwa kupinda, akaikaza kwa nguvu zake zote za ujana, nyuzi zote zikaisha. Gari la mteja lile. Nani alilipa sampo? Mimi. Zamani mzazi alikuwa anamleta mtoto kwa fundi na anatoa chochote ili afundishwe. Leo mnataka nifundishe, nile hasara, na nilipe juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mama wa Mbagala

Fundi, mtoto wa watu ameshainama, shida ni kwamba kuna mtu amemkalia mgongoni. Kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 2 usiku ni saa 13. Wewe huyo dogo wako anafunga gereji saa ngapi?

Na mimi nataka niseme jambo ambalo wanaume wengi mnalipita. Binti wa miaka 17 asiye na hela yake mfukoni, anayesubiri nauli kwa bosi kila jioni ndipo apande daladala, yuko kwenye hatari gani? Siku bosi akisema "nauli leo ingia huku ofisini nikupe" atasemaje? Mshahara hata uwe mdogo, ukiwa wa tarehe inayojulikana, unampa mtoto mlango wa kuondokea. Wangu alipoanza kazi kwenye saluni ya kike nilikwenda mwenyewe nikakaa pale nusu siku nikisukwa. Nikaangalia nani anaingia, nani anatoka, dada mkubwa wa pale anaongeaje na wenzake. Sikumwambia mtu kwamba mimi ni mama yake nani.

Chande

Tuache unafiki. Miaka 17 ni mtoto. Sheria hairuhusu mtoto kufanya kazi. Mrudisheni nyumbani huyo asome masomo ya kidato cha tano mapema, huko ndiko kwenye ajira.

Afisa Rasilimali Watu

Chande, hapo si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kuanzia 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kuvuruga masomo. Aliye chini ya 18 hatakiwi migodini, viwandani, kwenye meli wala mahali pengine penye hatari. Kwa hiyo fundi, gereji nayo ina maswali yake, jeki na betri na petroli si vitu vya kuchezea.

Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Inasema mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na thamani ya kazi aliyoifanya. Haikuandikwa humo kwamba asiye na uzoefu alipwe wali maharage. Na inakataza kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Huyo binti anayefunga saa 2 kamili na bado ana hesabu za kumalizia yuko ukingoni kabisa. Na mtu mzima mwenyewe, saa zake za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa 13 mara siku sita ni 78.

Ila niwe mkweli upande wa pili. Nikiwa ofisini, nikiletewa vijana wawili, mmoja kakaa nyumbani na mwingine kashinda steshenari miezi mitatu bila malipo, nitamchukua wa pili. Ameshazoea kuamka, ameshagombezwa na mteja, anajua hela isiyo yake haiguswi. Ndiyo maana wenye maduka wanapata pa kushikia.

Kinyozi wa Tandika

Mimi nina miaka 19, nilianza nikiwa na 17, niseme kama mhusika. CV sikuwa nayo, ningeandika nini? Niliyemwendea ni kinyozi aliyekuwa ananinyoa toka darasa la tano. Huyo ananijua, anamjua mama, anajua tunakoishi. Nikamwambia nipe kufagia na kuosha mataulo. Akanipa. Baadaye nikaanza kunyoa watoto wadogo siku za Jumapili, watoto hawalalamiki sana. Makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu kwa kichwa. Nisiponyoa, sina kitu. Nikinyoa, hela naiona siku ile ile.

Kwa hiyo kwangu, kuliko kung'ang'ania mshahara wa mwezi, kijana aombe malipo kwa kazi iliyofanyika. Steshenari inawezekana. Kila picha ya pasipoti, kila laminesheni, chake kidogo. Bosi hawezi kusema biashara ni ngumu wakati mteja ameshalipia picha.

Kitu kingine mnachosahau ni vitambulisho. Chini ya 18 huna kitambulisho cha NIDA. Laini yangu ilisajiliwa kwa jina la mama mdogo. Hela yangu ya kwanza kubwa, Idi ile, iliingia kwenye laini hiyo, na namba ya siri alikuwa anaijua. Naishia hapo.

Mama wa Mbagala

😂 Pole mwanangu.

Dada wa Likoni

Huku Mombasa ni yayo hayo. Mtoto akimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, chuo ni mwaka ufuatao hukoo Septemba, na kila pahali aendapo aulizwa kitambulisho, nacho ni mpaka atimize 18. Akishakipata, aulizwa cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho ni cha kulipia. Mtu hajapata kazi ashaanza kutoa pesa! Mwaka 2022 sheria ya ajira ilibadilishwa, mwajiri asimdai mtu hati hizo mpaka awe ameshaamua kumpa kazi. Lakini nenda kaulize kwenye mahoteli uone kama yafuatwa. Mimi nasimama na mleta mada. Kijana wetu alifanya kazi ya jikoni miezi bila ya senti, na siku ya kuandikwa ilipofika wakaleta mwengine mpya wa bure. Hapo ndipo penye utapeli: kila miezi mitatu "mwanafunzi" mpya.

Fundi wa Gerezani

Hilo la kubadilisha watoto kila miezi mitatu nalikataa hata mimi. Huo si ufundi, ni wizi.

Lakini kipimo cha mleta mada kina tundu. "Asipokuja kesho, kazi inasimama?" Mwezi wa kwanza kwangu haisimami, tena inakwenda haraka zaidi. Mwezi wa tano dogo anafungua gurudumu, anabadilisha brekipedi peke yake, asipokuja naumia. Sasa mstari uko wapi? Siku ipi aliacha kuwa mwanafunzi akawa mfanyakazi? Nikimwachia mwenye gereji aamue, na mimi ni mwenye gereji, siku hiyo haitafika. Nawaambia ukweli kabisa.

Afisa Rasilimali Watu

Fundi umesema neno kubwa kuliko sisi wote humu. Ndiyo maana siku hiyo ipangwe kabla ya kuanza, iandikwe. Karatasi moja tu: nitafundishwa nini, nani ananifundisha, mpaka tarehe gani, na baada ya tarehe hiyo nalipwa kiasi gani. Mzazi asaini. Kazi ya gereji inaweza kuhitaji miezi kadhaa ya kufundishwa, sawa. Steshenari? Mashine ya fotokopi mtu anaijua kwa wiki mbili. Miezi mitatu ya "kuangaliwa" kwenye kitufe cha kijani ni ya nini?

Na akiondoka apewe barua inayotaja alichofanya. "Alikuwa mtiifu na mchapakazi" haimsaidii mtu. Iandikwe: alikuwa anafungua duka, anashika hesabu za siku, anahudumia wateja. Kwa wa gereji, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi wa mtaani anapimwa kwa vitendo, anapata cheti. Barua inayoeleza alichokuwa anafanya ndiyo anayoanzia.

Chande

Nimekubali kuhusu sheria. Ila bado nasema serikali ndiyo ya kubanwa, siyo mwenye duka ambaye naye anahangaikia kodi ya pango. Mkondo wa amali sekondari umeanza 2024, kwa hiyo wa kwanza kumaliza wakiwa na ufundi mkononi ni 2027. Hawa wa sasa wametoka na biolojia na historia. Mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vikundi vya vijana vinaanzia miaka 18. Mtoto wa 17 kila dirisha limefungwa, halafu tunamshangaa akikubali nauli na chakula.

Mleta mada

Asanteni sana. Chande, kodi ya pango naielewa, lakini haiwezi kulipwa na mtoto wa dada yangu. Mwenye duka halipi umeme kwa kuahidi kwamba TANESCO watapata uzoefu.

Fundi umenibana vizuri, kipimo changu hakitoshi kwa kazi ya kujifunza kweli. Nimeongeza tarehe. Jana jioni mimi na dada tulikwenda dukani, tukamkuta mwenyewe. Tukamwamkia vizuri, hatukutaja sheria kwanza. Tukamwambia mtoto ameshamaliza mwezi, sasa tunaomba tuelewane: saa za kazi ziishe saa 11 jioni, upungufu wa hesabu usikatwe mpaka wahesabu wote wawili, na malipo yaanze mwezi huu. Wazo la kinyozi tulilitoa vilevile, malipo kwa kila picha na laminesheni. Mshahara akaukataa. La kwa kila picha akasema atalifikiria. Saa 11 akaguna, akasema hiyo ndiyo saa ya wateja kutoka makazini. Dada akamjibu kwamba basi saa hiyo akae yeye.

Ametuomba mpaka Jumatatu. Binti mwenyewe anataka aendelee hata akikataliwa yote, anasema amepazoea na wateja wanamwita kwa jina. Mimi nasema asirudi. Dada yuko katikati. Kama kuna mwenye steshenari humu, tuambie wewe unamlipaje anayeanza.

Mwenye duka, Morogoro

Ninayo. Asubuhi peke yake, saa 2 hadi saa 8, nampa 4,000 kwa siku na chai, mkononi, hata siku ambayo wateja hawakuja. Wiki ya kwanza nilikaa naye, hasara ya karatasi zilizoharibika nilibeba mimi. Usimruhusu arudi kwa nauli, bwana. Akirudi hivyo, mwezi wa nne atakuwa bado anaangaliwa.