Naomba ushauri: skima ya tangi la matumbawe la lita 1,200

Habari zenu wakuu. Niko Mikindani, nina tangi la lita 1,200 la samaki wa baharini na matumbawe laini, liko sebuleni (mama watoto keshazoea).

Skima niliyonayo (kile kifaa cha kutoa uchafu kwenye maji kwa povu) imeandikwa ya tangi la lita 1,000. Povu lake jepesi kama la sabuni, kikombe kinapata kimaji cha rangi ya chai tu, na naitreti (kemikali inayotokana na uchafu wa samaki) inazidi kupanda. Nadhani namba za kwenye boksi zinahesabu samaki wachache. Wangu wanakula mara tatu kwa siku. Je, nichukue ya lita 2,000, au ni kubwa mno, povu likose uchafu wa kulishika lisimame?

Kwenye tangi dogo la chini, skima inapokaa, maji yana kina cha sentimita 20, na juu nafasi siyo kubwa. Tatizo jingine umeme: ukikatika ukarudi, skima inafurika, kikombe chote kinarudi kwenye maji. Kuna aliyejaribu pampu ya DC, ile ya kupunguza kasi, kwenye betri na inverta?

Mwenye uzoefu anisaidie, na bei pia. Korosho bado sijauza, kwa hiyo msinitajie za mamilioni.