Dunia ya mita 7 kando ya ziwa: Mwanza itawezekana?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimesoma kuhusu Gaia, kazi ya msanii Mwingereza Luke Jerram iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2018, ambayo ni tufe la Dunia lenye kipenyo cha mita 7, lililochapishwa picha za NASA na kumulikwa kwa ndani. Likining'inizwa karibu na Jiwe la Bismarck, ziwa letu litaonekana?

Jibu la 1: Litaonekana, ila dogo. Kila sentimita ya tufe hilo ni kilomita 18 za Dunia, hivyo Ziwa Victoria, lenye urefu wa takriban kilomita 337 toka kaskazini hadi kusini, litachukua sentimita 19 tu, sawa na sato mdogo sahanini. Ukerewe utaifunika kwa kidole gumba.

Jibu la 2: Tatizo ni upepo, na zaidi wale wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga. Mimi huzima taa ya barazani wanapoingia, na bado asubuhi nafagia lundo lao. Heri litundikwe ukumbini, kama lilivyotundikwa katika makanisa makubwa ya Uingereza.

Muulizaji: Ahsanteni. Wadudu sikuwawaza kabisa.