Keria ya baiskeli mbili juu ya Hiace ya kulala: nitoboe paa au nikae kwenye mfereji?

Mwendapole
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hiace H200 ya paa la chini, imeshageuzwa kuwa ya kulala safarini. Nahitaji keria ya kubeba baiskeli mbili za milimani zikiwa zimesimama, kila moja kilo 15 hivi. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, kwa hiyo keria ya nyuma siitaki. Sehemu ya nyuma ya paa ina paneli ya sola ya wati 100. Fundi wa mageti anasema atoboe paa afunge bolti nane, na atumie skwea paipu ya grili. Nimkubalie?

Geji16
Mkuu, paa lisiguswe na drili. Bolti iliyoshika bati tupu hutikisika, tundu linatanuka, silikoni inaachia, halafu maji yanajikusanya juu ya dari na huyaoni mpaka ubao uvimbe. Gari hilo lina mfereji wa maji kila upande, pale bati la paa linapokutana na la ubavuni. Miguu ya keria ikae hapo.

Nunua skwea paipu moja ya mm 40 kwa 40, unene mm 2, mita 6. Inatoa boriti tatu za kukatiza paa (kama mita 4.8 kwa jumla) na miguu sita ya sentimita 12, na kipande kinachobaki fundi akijaribie moto wa mashine. Ile ya grili, ya mm 1.5, iache kwa reli mbili za kuunganisha boriti: 25 kwa 25, mita 1.5 kila moja. Ukijumlisha na mabamba, keria itakuwa na kilo 22 au 23. Ongeza baiskeli zako, ni kilo 53. Linganisha na uzito wa paa ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kabla hujatoa hela.

Pima mfereji hadi mfereji mahali pa kila mguu, usikate boriti zote kwa kipimo kimoja. Paa nalo lina mgongo katikati. Simamisha vipande vya mbao vya sentimita 12 kwenye mifereji yote miwili, vuta uzi juu yake, pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye mgongo. Ukipata chini ya sentimita 3, refusha miguu, maana boriti hupinda gari likidunda.

Mguu wenyewe: bamba la mm 5 lililokunjwa kama herufi J linaingia ndani ya mfereji, la pili linashika ukingo kwa nje na chini, bolti mbili za M8 (nene mm 8) zinayabana. Katikati tia kipande cha mpira wa tairi. Kabla ya kuchomelea, fungua na ufunge mlango wa kuburuta na milango ya mbele huku umeyashikilia mabamba mahali pake. La nje likishuka mno, mlango utalikwaruza kila siku.

Weka alama kwa chaki, teremsha kila kitu, chomelea chini. Cheche hutoboatoboa kioo na rangi, na umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya gari.

Spoku36
Kuhusu baiskeli: toa gurudumu la mbele, foku (uma unaolishika gurudumu hilo) ibanwe kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyochomelewa juu ya boriti ya kwanza. Habu kuukuu ya chuma inapatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Ya aluminiamu haishiki kwenye chuma. Toa ekseli na gololi kwanza, kisha saga kromu yote panapopita moto. Moshi wa kromu ni sumu. Paipu ya mabati nayo isagwe zinki yake, na kazi ifanyike nje penye upepo.

Kutoka foku hadi ekseli ya nyuma ni sentimita 105 hadi 120, kwa hiyo gurudumu la nyuma litaangukia kati ya boriti ya pili na ya tatu. Laza hapo chuma cha U chenye upana wa mm 60. Mkanda upite kwenye rimu, usivute spoku. Ile mipira ya bodaboda iache. Inanyooka, baiskeli inaanza kucheza ngoma.

Usukani mmoja una sentimita 70 na zaidi, zikielekea upande mmoja zitagongana. Geuza moja iangalie nyuma, habu yake ikae boriti ya tatu. Breki za diski zichomekee kadibodi kati ya pedi, vinginevyo mtu akigusa breki pedi zitakutana.

Mwendapole
Shukrani. Moja ina ekseli nene ya mm 15. Habu ya kawaida haitaingia?

Spoku36
Haitaingia. Badala ya habu, tafuta bomba la kuchomelea ambalo ekseli inapita kwa kuteleza bila kuchezacheza, ulikate sawasawa na nafasi kati ya miguu ya foku: kwa kawaida mm 100 au 110, lakini pima.

Korongo4x4
Geji16 yuko sawa, ila mimi reli singechomelea. Kwenye barabara ya rafu chuma hupasuka pembeni mwa weldi, siyo kwenye weldi yenyewe. Funga reli kwa bolti za M8 na nati zenye nailoni, na kila mguu uongezewe pembetatu ya bamba pale unapokutana na boriti. Kaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

Ziba ncha za paipu, toboa tundu la mm 5 kwa chini ili maji yatoke. Boriti zikipiga mluzi, zungushia kamba kama nyoka. Pima urefu wote baiskeli zikiwa juu, utakuwa karibu mita 3, uandike kwenye karatasi mbele ya dereva. Maegesho mengi ya chini ya majengo hayafiki hapo. Kivuli cha asubuhi na jioni kwenye paneli hukiepuki. Ukipiga kambi, shusha baiskeli.

Geji16
Bolti nakubali. Ila skwea paipu ya mm 1.5 ukiikaza bolti inabonyea, na nati inalegea hata kama ina nailoni. Toboa, chomeka kibomba ndani chenye urefu sawa na upana wa paipu, bolti ipite humo.