Naomba ushauri: kasha la nyaraka za marehemu babu na ruzuku ya kuzihifadhi

Mjukuu_wa_Isevya: Habari zenu, wana jukwaa. Niko Tabora mjini. Marehemu babu alituachia kasha lenye madaftari manane ya biashara ya misafara aliyoyarithi kwa wazee wake, pamoja na barua za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Daftari la zamani kuliko yote ni la mwaka 1306 wa Hijria, na mchwa wamekwisha kulianza pembeni. Nasikia zipo taasisi za nje zinazotoa ruzuku ya kuhifadhi nyaraka za namna hii. Niombe wapi, na ninunue skana ya aina gani? Muda ni mfupi.

Mkutubi_Mstaafu: Mwanangu, skana iache, kwa sababu ukilibana daftari kuukuu kwenye kioo utauvunja mgongo wake, tumia kamera iliyofungwa juu ya meza, ikitazama chini. Kuhusu ruzuku, Maktaba ya Uingereza iliyoko London ina mpango wa nyaraka zilizo hatarini tangu mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kina mpango kama huo unaoshughulikia zaidi nyaraka za karne ya 20 na kuendelea. Mfuko wa taifa wa Marekani wa taaluma za utu, ambao wengi huukimbilia, ni wa taasisi za kwao. Ule wa London hulipia vifaa, safari na posho za wapiga picha, lakini nakala halisi haziondoki nchini, na picha huwekwa mtandaoni kila mtu azisome bure. Utahitaji pia taasisi ya kukubeba. Sasa nijibu: kasha ni la nani, na kwa nini muda ni mfupi?

Mama_Ujiji: Mimi nilikuwa na picha za marehemu baba alizopigwa kwenye sitaha ya Liemba, zikalowa masika paa lilipovuja, zikagandana. Nilizibandua kwa kisu cha jikoni, na uso wa baba ukabaki nyuma ya picha nyingine. Usitumie kisu.

Kaka_wa_Urambo: Ruzuku ikitoka, sisi tuliokupa moyo tutapokea asali, hata dumu moja.

Mjukuu_wa_Isevya: Shikamoo mzee. Kasha ni la familia.

Mkutubi_Mstaafu: Marahaba. Familia ina watu. Nani anashika ufunguo?

Mjukuu_wa_Isevya: Ufunguo anao shangazi, ambaye yuko msibani Nzega na atarudi Jumamosi. Kasha nililifungua kwa bawaba za nyuma. Nikiri pia kwamba bwana mmoja kutoka Dar es Salaam alinipa arubuni ya milioni moja na nusu kwa madaftari matatu, na fedha hizo nimekwisha kuezekea nyumba hiyohiyo ambamo kasha linakaa, kwa hiyo sioni kama nimeiibia familia. Nilifikiri ruzuku ingelipia picha za yaliyobaki. Hata hilo la 1306, kurasa zake za mwisho ni malalamiko ya nauli ya treni tu.

Haji_Asiyeyumba: Vitu vya wazee haviuzwi. Mengine ni maelezo.

Mpenda_Tarehe: Ndugu zangu, hii ni chai. Mwaka 1306 wa Hijria ni 1888 au 1889, ilhali reli ilifika Tabora mwaka 1912. Huyo mwandishi alilalamikia treni gani? Nadhani tumepoteza asubuhi nzima kumshauri mtunzi wa hadithi.

Kaka_wa_Urambo: Basi asali nayo imeyeyuka.

Mjukuu_wa_Isevya: Si chai. Daftari hilo lina mianzo miwili. Mbele, kwa wino wa kahawia, kuna pembe, shanga na chumvi ya Uvinza; ukiligeuza nyuma mbele, mwanawe ameanza upya kwa wino wa buluu, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Hapo ndipo kuna nauli, kwa rupia.

Mpenda_Tarehe: Hilo linawezekana. Tupigie picha ukurasa mmoja.

Mjukuu_wa_Isevya: Hilo ni mojawapo ya yale matatu.

Mkutubi_Mstaafu: Mimi nakuamini, maana mtunzi asingejichongea hivyo. Fomu zitakutaka uorodheshe kilichomo na utaje ni nani aliyeridhia picha zitolewe hadharani. Wewe unazisoma herufi hizo?

Mjukuu_wa_Isevya: Sizisomi. Hayo ya treni nayajua kwa sababu shangazi alitusomea tukiwa watoto. Nyumbani ndiye pekee aliyebaki anayezisoma.

Mama_Ujiji: Na huyo bwana wa Dar es Salaam bado anapokea simu?

Mjukuu_wa_Isevya: Jana alipokea. Alisema madaftari yangali kwake, lakini nikiyataka nirudishe milioni mbili. Leo ni Alhamisi.