Programu moja ya C, kompaila mbili, na stdint.h inayokataa

Fundi wa Chumbageni:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nina programu ndogo ya C inayosoma uzito wa marobota ya mkonge kutoka kwenye mizani ya ghala moja hapa Tanga. Kwenye Linux yangu inapita bila neno, lakini kompyuta ya ghalani ina Visual Studio 2008 ya Microsoft, ambayo kompaila yake haina stdint.h, yaani heda (faili la matangazo) inayotaja aina za namba zenye idadi maalumu ya biti, kwa hiyo ikakwama mwanzoni kabisa. Nikaandika stdint.h yangu mwenyewe ndani ya folda ya mradi, na int32_t, yaani namba kamili ya biti 32, nikaifanya kuwa long, aina ya kawaida ya namba katika C. Ghalani ikakubali, lakini niliporudi nyumbani, GCC, kompaila ya Linux yangu, ikalalamika kwamba int32_t imetangazwa kwa aina mbili zinazopingana. Je, nitunze nakala mbili?

Mzee wa Raskazone:
Usitunze nakala mbili, mwanangu. Utarekebisha kosa katika moja na kulisahau katika nyingine. Kilichokuponza ni long: kwenye Windows ni biti 32, ilhali kwenye Linux ya biti 64 nayo huwa biti 64, ndiyo maana tangazo lako limegongana na lile la heda za mfumo. Tena faili lako lisibebe jina la heda ya kiwango. Liite aina.h, na mafaili mengine yote yaingize hilo tu. Ndani yake uliza kama _MSC_VER, namba ya toleo la kompaila ya Microsoft, ipo na ni ndogo kuliko 1600, yaani kabla ya Visual Studio 2010 iliyokuja na stdint.h, ikiwa ndivyo, tumia __int32, aina ya biti 32 ya Microsoft yenyewe, na ikiwa sivyo, ingiza stdint.h ya kompaila yenyewe.

Binti Ngamiani:
Kwa kompaila mpya mimi hupendelea __has_include, inayouliza kama heda ipo. Ila isiwe mstari mmoja na defined, inayouliza kama jina linajulikana, kwa sababu kompaila isiyoijua husoma mstari mzima na kukwama kwenye mabano. Tanguliza #ifdef, kisha #if ndani yake.

Fundi wa Chumbageni:
Shikamoo mzee, na ahsante dada. Kompyuta zote mbili zimekubali. Imebaki heda ya unistd.h, niliyoiingiza kwa ajili ya sleep tu, fanksheni ya kusubiri.

Mzee wa Raskazone:
Marahaba. Hiyo ni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix kama Linux, si ya kiwango cha C. Andika fanksheni yako, iite pumzika, itumie sleep kwenye Linux na Sleep ya windows.h kwenye Windows, uifungie katika faili moja la .c ili windows.h isisambae kwingine, maana huja na makro za min na max zinazoweza kugongana na majina yako. Halafu angalia kipimo: sleep(2) ni sekunde 2, bali Sleep(2) ya Windows ni milisekunde 2, na mizani yako itaulizwa uzito pasipo kupewa nafasi ya kupumua.